Maswali ya Wasomaji: Kupanda Mlima na Kushuka Salama

Barua tulizopokea safari hii zinafanana kwa jambo moja: wengi wamepanga vizuri namna ya kufika kileleni, ila kushuka wamekuachia bahati. Tumechagua tisa. Zinazogusa uhai moja kwa moja tumezijibu kwa urefu, nyingine kwa kifupi.

Tuondoke saa ngapi?

*Habari za kazi, wahariri. Naongoza kikundi cha vijana 12. Njia tuliyoichagua ni kilomita 6 hadi kileleni na 6 za kurudi, na kutoka getini hadi juu tunapanda mita 900. Tumepanga kuanza saa 4 asubuhi ili kila mtu apate usingizi wa kutosha. Tutawahi kushuka kabla ya giza? – Kiongozi wa kikundi*

Ndugu kiongozi, tupige hesabu pamoja. Ipo kanuni aliyoitoa William Naismith, mpanda milima wa Scotland, mwaka 1892, na bado inatumika. Kwa vipimo vya leo ni hivi: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yenu, kilomita 6 za kwenda ni saa 1 na dakika 12, mita 900 ni saa 1 na nusu; jumla saa 2 na dakika 42. Kurudi ni saa 1 na dakika 12.

Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mkakamavu, hasimami njiani, njia nzuri na hewa tulivu. Watu 12 hawatembei hivyo. Mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine anatafuta chupa ya maji kwenye begi, na wote wanasubiri. Zidisha kwa moja na nusu: kupanda saa 4, kushuka karibu saa 2. Na kama mteremko ni mkali au una changarawe zinazoteleza, kushuka kunaweza kuchukua muda sawasawa na kupanda.

Mkianza saa 4 asubuhi mtafika kileleni saa 8 mchana, wakati ambao mawingu ya radi hupenda kujikusanya juu ya milima. Chini mtafika saa 10 alasiri, hapo hakuna aliyeteguka mguu. Anzeni saa 12 asubuhi. Mtakuwa juu saa 4, chini saa 6 mchana, na mkipatwa na lolote bado mna nusu ya siku ya mwanga mkononi.

Kuna saa nyingine ambayo ni muhimu kuliko ya kuondoka, nayo ni saa ya kugeuka. Itajeni chini, kabla ya hatua ya kwanza, kila mmoja aisikie: kwenu ninyi ni saa 5 kamili asubuhi. Ikifika, mnageuka popote mlipo, hata kama kilele mnakiona pale mbele. Mkingoja kuamua mkiwa juu, mtu amechoka na kilele kinamwita, basi kitakachoamua ni hamu. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote atembee nyuma tu ya kiongozi, ili yeye ndiye apange mwendo. Wa mwisho kwenye msafara awe mzoefu, asikubali mtu yeyote abaki nyuma yake. Kila njia panda wote wasimame, wahesabiwe.

Kichwa kinachouma juu ya mita 3,000

*Shikamooni. Mume wangu ana miaka 38, anakimbia kilomita 10 kila asubuhi. Mwezi ujao anakwenda kupanda mlima wa zaidi ya mita 4,500. Safari iliyopita, usiku wa pili wakiwa mita 3,600, aliumwa kichwa na kutapika, akasema ni uchovu tu, kesho yake akaendelea kupanda. Nimweleze vipi anielewe? – Mke mwenye hofu*

Marahaba, dada. Hofu yako ina msingi, na ni vizuri akausoma ukurasa huu mwenyewe.

Kule juu oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21, kama ilivyo ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 5,500 mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni. Mwili unaweza kuzoea: unapumua kwa haraka na kwa kina zaidi, figo zinarekebisha damu, ila kazi hiyo inachukua siku. Mazoezi hayaiharakishi. Tena mwenye miguu yenye nguvu ana hatari yake ya pekee, kwa sababu anaweza kupanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea.

Kwa hiyo mtu aliyepanda zaidi ya mita 2,500, kichwa kinamuuma, na pamoja na kichwa ana kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usiolingana na kazi aliyofanya, achukuliwe kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Dalili huanza saa chache baada ya kufika, mara nyingi usiku wa kwanza. Hatua ya kwanza ni kutopanda tena. Apumzike palepale, anywe maji ya kutosha, na paracetamol au ibuprofen kwa ajili ya kichwa inaruhusiwa. Pombe na dawa za usingizi aziache, zinapunguza upumuaji akiwa amelala. Akipata nafuu kabisa, aendelee kesho yake. Asipopata nafuu ndani ya siku moja, au hali ikizidi, ashuke. Kushuka mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida kunatosha kumrudisha mtu katika hali yake. Mume wako alikosea asubuhi ile iliyofuata, alipopanda akiwa na dalili.

Sasa yale mawili yanayoua. La kwanza ni ubongo kuvimba. Dalili yake kubwa ni mtu kupoteza uwiano wa mwili na kuchanganyikiwa: anayumba kama mlevi, anajibu ovyo, anavaa glavu mguuni. Mpime hivi: chora mstari ardhini, atembee juu yake kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Asiyeweza, na wenzake wanaweza, anashushwa sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. La pili ni maji kujaa kwenye mapafu. Huyu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo inageuka rangi, mwishoni anatoa makohozi yenye povu la waridi. Wengi hudhani ni mafua ya baridi na hapo ndipo muda unapotea. Naye anashushwa mara moja, bila kujitumikisha kwa kupanda hata kilima kidogo cha njiani, na apewe oksijeni kama ipo. Hakuna mgonjwa wa mwinuko anayeshuka peke yake, hata akisema anaweza.

Kinga ni ratiba. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa pili palepale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi kisha ukashuka kulala. Kinachohesabiwa ni kimo cha kitanda. Amuulize mwandaaji wa safari kila kambi iko mita ngapi, aandike kwenye karatasi, atoe moja kwa nyingine. Akikuta mruko wa mita 900 usiku mmoja, adai siku ya ziada kabla hajalipa.

Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Kwa kuwa aliwahi kuumwa kwenye mita 3,600, aonane na daktari aipate mapema, na amweleze kama ana mzio wa dawa za salfa. Itamfanya akojoe mara kwa mara na vidole vimwashe kama vimekufa ganzi. Hayo ni ya kawaida. Deksamethasoni ni jambo jingine. Ni dawa ya kuokoa wakati mgonjwa anashushwa. Ukiitumia kufunika dalili ili uendelee kupanda, siku utakayoiacha ukiwa juu zinaweza kurudi kwa kishindo.

Malengelenge

*Buti zangu ni mpya na nzuri lakini kila safari nashuka na malengelenge kisigino na vidole vyeusi. Nifanye nini? – Kijana wa mabuti*

Kijana wetu, kisigino na vidole vina sababu mbili tofauti. Kisigino kinachubuka kwa sababu kinapanda na kushuka ndani ya buti: kaza kamba pale kwenye kifundo, fundo la kwanza kabla ya kupanda juu, na buti uzitembelee wiki kadhaa nyumbani kabla ya safari. Vidole vinakuwa vyeusi kwa sababu wakati wa kushuka mguu unateleza mbele unagonga. Kata kucha, na nunua buti jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukivaa soksi nene, ubaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Njiani, ukihisi tu joto mahali fulani, simama dakika hiyohiyo, kausha ngozi, bandika plasta pana isiyo na mkunjo. Ukingoja lengelenge litokee umechelewa.

Mvua tu, wala haikuwa theluji

*Wahariri, tulikuwa watatu, mita 2,800, nyuzi kama 8 hivi, mvua na upepo. Mwenzetu alikuwa na suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka, tukafurahi kwamba amepata joto. Baadaye akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka na kutaka kukaa njiani. Tulimburuta hadi kibandani akapona. Tulikosea wapi? – Watatu wa mlimani*

Tunashukuru Mungu yuko hai. Mlikosea pale mlipofurahi. Kutetemeka ni tanuri la mwili: misuli inajichoma ili itoe joto. Aliyelowa, akaacha kutetemeka bila kuvaa kikavu wala kula kitu, tanuri lake limezimika. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini, na ubongo ni miongoni mwa vya kwanza kulegea, ndiyo maana yeye mwenyewe hawezi kukuambia kwamba anaumwa. Atakuambia yuko sawa.

Baridi kali haihitajiki. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo bonde likiwa na nyuzi 20, mita 2,000 juu yake ni nyuzi 7 hivi, na hapo upepo hatujauhesabu. Maji yanafyonza joto la mwili haraka mno kuliko hewa. Pamba ikilowa inayashika maji hayo na kuyagandamiza kwenye ngozi, na jinzi ni pamba nzito inayokauka polepole kuliko nguo nyingi. Ndani vaa sufu au poliesta, katikati flisi, juu koti na suruali vya kuzuia mvua. Vaa la mvua tone la kwanza linapoanguka, usingoje mpaka bega limelowa. Vua tabaka kabla hujatoka jasho, kwa kuwa jasho nalo ni maji.

Tazameni mikono ya wenzenu. Mtu anayeanza kupoa utamwona anahangaika na zipu: anaishika, inamponyoka, anaishika tena kwa kiganja badala ya ncha za vidole. Mwambie aguse kidole kidogo kwa kidole gumba cha mkono uleule. Akishindwa, simamisheni msafara hapohapo. Baadaye kidogo ataanza kujikwaa, kubaki nyuma, kunung'unika, kuwa mkali bila sababu. Hiyo ni hali, msiichukulie kama tabia.

Wakati bado anatetemeka na anajibu vizuri, mtoeni kwenye upepo, nyuma ya mwamba au ndani ya hema. Mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu, kofia na soksi zikiwamo. Chini yake wekeni magodoro ya kambi, kamba, mabegi, chochote, maana ardhi inanyonya joto. Mfungeni ndani ya mfuko wa kulalia kisha karatasi kubwa ya nailoni kwa nje ili unyevu na upepo visipenye. Mpeni cha sukari na kinywaji cha moto chenye sukari. Sukari ndiyo kuni za kutetemekea. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa zikae kifuani na kwapani. Akae nusu saa kabla ya kuanza kutembea tena, maana akiinuka mapema damu baridi ya miguu inarudi moyoni.

Akishaacha kutetemeka na akaanza kuchanganyikiwa, mambo yanabadilika. Alale chali, abebwe kama yai. Moyo uliopoa unaweza kuvuruga mapigo yake kwa mtikiso mmoja. Asisuguliwe mikono wala miguu. Asipewe kitu mdomoni kama hawezi kumeza vizuri, na pombe asipewe kabisa, kwani inafungua mishipa ya ngozi na joto linamwagika nje. Iteni uokoaji. Akionekana amekufa, sikilizeni pumzi na mapigo kwa dakika nzima, kwa kuwa mwili uliopoa unapumua kidogo mno. Wapo waliorudi baada ya kupashwa joto hospitalini, kwa hiyo msikate tamaa mlimani.

Radi

*Naomba kujua: radi ikitukuta mgongoni mwa mlima, tujilaze chini? – Mpenda ukungu*

Hapana, msijilaze. Umeme ukipiga ardhi husambaa, na mwili uliolala unagusa sehemu kubwa ya ardhi ambayo mkondo unapita. Mkiona mmweko hesabuni sekunde hadi ngurumo, gawanyeni kwa tatu, mtapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari mko ndani ya hatari. Shukeni kutoka kwenye kilele na mgongo wa mlima, epukeni mti uliosimama peke yake, uwanda wazi, nyaya na minyororo ya njiani, na pango fupi au mwamba ulioning'inia. Msitu wa miti inayolingana urefu ni afadhali. Hema halikingi kitu, gari lenye paa la chuma linakinga.

Nywele zikisimama au fimbo zikianza kuvuma kama nyuki, umeme uko karibu kupiga. Kama mnaweza kukimbia kushuka, kimbieni. Kama hamwezi, chuchumaeni juu ya begi, miguu imebanana, mikono masikioni, kila mtu umbali wa mita 15 au zaidi kutoka kwa mwenzake ili pigo moja lisiwaangushe wote. Kuchuchumaa ni hatua ya mwisho kabisa, kunapunguza hatari kidogo tu. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa hana umeme mwilini, mguseni. Wakianguka kadhaa, anzeni na asiyepumua: moyo uliosimamishwa na radi mara nyingi huamka ukisukumwa kifua na kupuliziwa pumzi mapema, wakati anayelia na kuugulia kwa kawaida anaweza kungoja.

Maji ya kijito

*Maji ya juu mlimani ni safi, kuna haja ya kuyachemsha? – Mnywaji*

Ipo. Mzoga wa mnyama unaweza kuwa hatua hamsini juu yako. Yachemshe, na yakianza kuchemka kwa nguvu hesabu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 hesabu dakika 3, kwa kuwa kule maji huchemka yakiwa na joto dogo, karibu nyuzi 90 kwenye mita 3,000. Dawa ya klorini ni nyepesi kubeba lakini haiui kriptosporidiamu, kimelea cha kuhara. Chujio la mkononi hunasa bakteria na vimelea ila mengi hayanasi virusi, na maji yakiganda ndani yake linapasuka kwa siri. Usiku wa barafu lala nalo. Na jiko lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa jiko, haina harufu.

Simu inatosha?

*Mimi ni mzee wa miaka 63, natembea milimani na mke wangu. Wanangu wananiambia kwa sababu nina simu yenye ramani sihitaji kingine. Ni kweli? – Babu*

Shikamoo, mzee wetu. Simu ni nzuri, ila isiwe ya pekee. Pakua ramani ya eneo zima ukiwa nyumbani. Mlimani iweke kwenye hali ya ndege: ramani bado itaonyesha ulipo kwa satelaiti, na betri haitakwisha kwa kutafuta mtandao usiokuwepo. Baridi huifanya betri izimike ikiwa bado na chaji, hivyo ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Beba pia ramani ya karatasi, dira, filimbi, na tochi ya kichwani yenye betri za akiba, hata kwa safari ya asubuhi tu. Kila mmoja wenu awe na filimbi na tochi yake. Mkitengana, vilivyo kwenye begi la mwenzako havikusaidii.

Kabla ya kuondoka mwachie mwanao karatasi yenye mambo manne: njia mtakayopita, gari mnaloliacha wapi, saa mnayotarajia kurudi, na saa ambayo akiwa hajawasikia apige simu ya uokoaji. Hiyo ya nne ndiyo wengi husahau, na bila hiyo mtoto anakaa usiku kucha akijiuliza kama ana haki ya kuwasumbua watu. Mkibadilisha njia, mjulisheni. Na mkirudi mpigieni, asije akaamsha waokoaji bure.

Mkipotea, simameni. Kaeni, mle kitu, mtazame ramani, mkumbuke mahali pa mwisho mlipokuwa na uhakika. Kama njia ya kurudi hapo iko wazi, rudini. Kama haiko wazi au giza limeingia, bakini, vaeni kila kitu. Msifuate kijito kuteremka kwa kudhani kitawafikisha kijijini. Vijito vya milimani huishia kwenye maporomoko na magenge. Ishara ya dhiki ya milimani ni filimbi au mmweko wa tochi mara 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Anayejibu hupiga mara 3. Utaratibu huo ulibuniwa na Mwingereza Clinton Dent na umekuwapo tangu mwaka 1894. Endeleeni kupiga hata baada ya kujibiwa, waokoaji wanafuata sauti. Ikija helikopta, simama mikono yote miwili juu, kama herufi Y: maana yake ndiyo, tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini ni hapana.

Katika nchi nyingi 112 hupokelewa na simu yoyote ya mkononi, lakini tafuta mapema namba ya uokoaji ya mlima unaokwenda. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi hupita pale ambapo sauti haipiti. Andika namba za mahali kutoka kwenye ramani, idadi ya watu, aliyeumia ameumia nini, na hali ya hewa hapo mlipo.

Maganda, choo na njia za mkato

*Wenzangu hutupa maganda ya matunda wakisema yataoza, hujisaidia popote, na kwenye kona hukata moja kwa moja kushuka. Mimi huona vibaya ila sina hoja. – Mwenye aibu*

Hoja unazo, ndugu. Juu mlimani baridi inawalaza wadudu na vijidudu vinavyoozesha. Ganda ambalo bondeni lingepotea kwa wiki chache, kule hukaa miezi na miezi, na wanyama huzoea kula mikononi mwa watu, kisha huanza kupasua mahema. Kila ulichopanda nacho kishuke nawe, mfuko mmoja wa nailoni unatosha.

Choo: kama hakuna kilichojengwa, ondoka mita 60 au 70 kutoka majini, njiani na kambini, kama hatua 80 za mtu mzima. Chimba kwa koleo dogo shimo la sentimita 15 hadi 20, pale ambapo udongo ni mweusi na una uhai, fukia vizuri. Karatasi irudi nawe kwenye mfuko wa kufunga. Kwenye theluji au mwamba mtupu hakuna kufukia. Theluji ikiyeyuka kila kitu kinakwenda mtoni, kwa hiyo kinyesi nacho kinabebwa. Sabuni isiingie kijitoni, hata iliyoandikwa ni rafiki wa mazingira. Chota maji, nawia mbali.

Hiyo mikato ndiyo inatuuma zaidi. Kona za njia zimewekwa ili mteremko uwe mpole kwa mguu na kwa maji pia. Watu ishirini wakikata moja kwa moja, majani yanakufa na mfereji unafunguka. Mvua ya kwanza inauona mfereji ule kuwa mfupi kuliko njia, inaufuata, inachukua udongo, na msimu ukiisha pana korongo la kufika magotini. Kufikia hapo hata waliokuwa waaminifu kwa njia hawana njia. Kwenye tope pia pita katikati, ulowe. Wanaozunguka pembeni wanaipanua njia kila mwaka kwa hatua moja, na mimea ya juu hukua polepole mno. Kinachokanyagwa leo kinaweza kuchukua miaka mingi kurudi.

Wanaobeba mizigo yetu

*Tunakwenda na wapagazi. Nini wajibu wetu kwao, zaidi ya malipo? – Kundi la marafiki sita*

Swali zuri, na linaulizwa mara chache. Mpagazi anapata ugonjwa wa mwinuko na kupoa mwili kama ninyi. Kuzaliwa karibu na mlima si chanjo, hasa kama anaishi bondeni. Asubuhi ya kuondoka mtazameni: ana buti, koti la mvua, glavu, kofia? Analala wapi usiku na anajifunika nini? Mzigo wake upimwe kwa mizani mbele yenu, na vitu vyake mwenyewe vihesabiwe humo. Kambini mwulizeni kila mmoja kwa jina kama kichwa kinamuuma, maana anayeogopa kupoteza siku ya kazi hatasema bila kuulizwa. Mwambieni mapema kwamba akiumwa malipo yake hayapungui. Akiumwa ashuke na mtu anayeongea lugha yake, mwenye tochi na fedha za kumfikisha hospitali, na mzigo aliouacha mgawane ninyi sita, usiongezwe juu ya mpagazi mwingine.